Kalunde ni Nani

Jina la Kalunde lilifutwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Dakika hizo tunazijua kwa sababu kompyuta haina tabia ya kusahau. Wakati huo Kalunde mwenyewe alikuwa amelala kitandani kwake Ikolani, upande wa Tala, akijaribu kumeza kijiko cha tatu cha uji, na hakuna aliyemwambia.

Wa kwanza kujua alikuwa mumewe, Mwalimu Wambua, alipofika kwa Winfred siku ya Alhamisi. Winfred alikuwa na saiba ya kompyuta sita nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi hapo sokoni Tala. Mwalimu alikuwa na miaka sabini na miwili. Alikuwa amefundisha shule za msingi miaka thelathini na minne, na kompyuta alijifunza mwaka uliotangulia, kwa ukaidi uleule aliowatilia watoto wa watu hesabu za kugawanya. Winfred ndiye aliyemwonyesha ile ensaiklopidia ya mtandaoni, kitabu cha maarifa ya kila kitu kinachoandikwa na watu wa kujitolea, na ambacho mtu yeyote anaweza kukirekebisha. Maneno hayo, mtu yeyote, yalimkaa Mwalimu moyoni. Hakufikiria kwamba mtu yeyote ni pamoja na yule atakayekufuta.

Ukurasa wa bwawa la Ikolani aliukuta tayari upo, mistari sita. Ulisema bwawa lilijengwa mwaka 1970 chini ya uongozi wa diwani wa wakati huo, kama kilivyosema kibao cha chuma kilichopachikwa kwenye ukuta wa bwawa. Mwalimu aliongeza sentensi moja tu: kwamba bwawa lilichimbwa kwa mikono na wanawake wa Ikolani wa mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, wakiongozwa na Kalunde, na kwamba mmoja wao, Mwikali, alifukiwa na udongo akafa.

Sasa sentensi haikuwepo. Miwani ya Mwalimu ilikuwa imevunjika mkono mmoja, ikabidi Winfred amsomee maelezo yaliyoachwa kwenye ukurasa wa majadiliano na mtu aliyejiita Kipimo. Winfred alisoma kwa sauti, kama alivyozoea kuwasomea wateja wazee barua zao.

"Anasema, 'Sentensi hii haina chanzo. Kalunde ni nani? Kila mtu akija kuandika bibi yake humu, tutabaki na kitabu cha mabibi.'"

Vijana wawili kwenye kompyuta ya pili walicheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka kwa sababu maneno yalichekesha. Mwalimu aliangalia mikono yake mpaka kicheko kikaisha.

"Irudishe," alisema.

"Naweza kuirudisha, Mwalimu. Lakini atatoa tena."

"Wewe irudishe."

* * *

Hospitali ya mjini Machakos ilikuwa imemrudisha Kalunde nyumbani mwezi wa sita. Daktari kijana alizungumza na Mwalimu koridoni, akitazama karatasi zake, akasema mama atapumzika vizuri zaidi kwake. Koo lilikuwa limeshaliwa na ugonjwa. Sauti yake ilibaki nyembamba, na mtu alilazimika kuinama ili kumsikia.

"Umemwandika Mwikali?" aliuliza jioni ile Mwalimu alipoingia.

"Nimemwandika."

"Na imekaa?"

Mwalimu alivua kofia, akaitundika, akaivua tena msumarini na kuitundika upya. Miaka arobaini na tano ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mwanamke huyu hadanganywi kwa urahisi.

"Kuna mtu anabishana. Anataka ushahidi."

Kalunde aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, "Mimi ndio nilimwambia aingie kwa mtaro. Alikuwa ananyonyesha. Aliniambia hii ukuta ya udongo inatoa maji, nikamwambia Mwikali wacha uvivu. Hayo ndio maneno ya mwisho alisikia."

"Ulishaniambia, Mama Kavata."

"Nakuambia tena. Diwani alikuja siku ya kufungua, akapigwa picha. Sisi tulikuwa kule nyuma na makarai, vitambaa vyetu vya kijani kichwani. Hakuna mtu alitaja Mwikali. Mimi pia sikutaja, niliogopa." Alipumua kwanza. "Nikienda kule nikamkuta, nitamwambia nini? Nataka nimwambie ameandikwa. Niletee hiyo karatasi niione."

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na Mwalimu aliahidi. Aliahidi kwa sababu aliamini kwamba jambo la kweli halihitaji zaidi ya mtu mwenye subira.

* * *

Kipimo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, na jina lake hasa lilikuwa Kyalo. Saa ya chakula, wenzake wakienda kununua githeri nje ya geti, yeye alibaki na kompyuta ya ofisi, akila mkate kwa mkono mmoja na kusahihisha ensaiklopidia kwa mkono wa pili. Kwa miaka mitatu alikuwa ameng'oa uongo mwingi humo: makanisa yaliyojipa waumini milioni, wanasiasa waliojipa digrii. Kazini alihesabu vifungo na zipu za watu wengine. Humu ndani, angalau, neno lake lilikuwa na uzito.

Ukurasa wa bwawa aliuanzisha yeye mwenyewe. Alikuwa amekipiga picha kile kibao kwa simu siku alipokwenda kusalimia ukweni, kwa kuwa Ikolani ndiko kwao Kavata, mkewe. Alitaka kumpa Kavata zawadi ambayo hakuna mwanamume mwingine pale kiwandani angeweza kuitoa.

Sasa msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, mtu anawezaje kukaa katika ndoa miaka minane asijue jina la mama mkwe wake. Kwa Wakamba wa nyumba kama ile inawezekana kabisa. Kuna nthoni, ile heshima na aibu kati ya mkwe na mama mkwe. Mkwe hamwiti mama mkwe jina, hamkazii macho, haingii chumba anacholala. Majirani nao, wakimwona mkwe amekuja, hulimeza jina la mama wa watu. Kwenye kadi ya harusi aliandikwa Rosa, jina la ubatizo. Kyalo alimwita Mwaitu, kama mama yake mwenyewe, akitazama chini. Jina Kalunde halikuwahi kutamkwa mbele yake hata siku moja.

Kwa hiyo alipoiona sentensi imerudi, aliifuta bila kufikiri mara mbili.

* * *

Wakapigana wiki nzima. Mwalimu, aliyejiandikisha kwa jina la kupanga, aliandika, Kipimo akafuta. Mwalimu alieleza kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa Kiswahili cha ubao, kwamba yeye aliwaona wanawake hao kwa macho yake. Kipimo alijibu kwamba macho ya mtu si chanzo, kwamba kinatakiwa kitu kilichochapishwa na mtu mwingine. Mwalimu aliuliza ni nani angechapisha habari za wanawake wenye makarai mwaka 1970. Kipimo aliandika, "Hilo si kosa la ensaiklopidia." Na alikuwa sahihi, jambo ambalo lilimuumiza Mwalimu kuliko tusi.

Jumatano Mwalimu aliirudisha sentensi mara nne kwa siku moja. Hakujua kwamba sheria inaruhusu tatu. Akaja mkabidhi, yaani mjitoleaji aliyepewa funguo za kufungia kurasa, aliyejiita Sisimizi. Sisimizi hakumlaumu mtu. Aliandika kwa adabu kwamba pande zote mbili zina nia njema, kwamba ukurasa unafungwa siku kumi na nne ili wahusika wazungumze, na kwamba kufungwa katika toleo lililopo hakumaanishi toleo hilo ndilo sahihi. Toleo lililopo lilikuwa la diwani.

"Siku kumi na nne," Mwalimu alisema.

"Ni muda kidogo tu, Mwalimu," Winfred alisema.

Nyumbani uji ulikuwa umeshuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja.

* * *

Kwa Mwalimu, kama kwa mtu yeyote wa Ikolani, ugomvi humalizwa kwa mashahidi. Ukitaka kuaminiwa, unawaleta walioona, wanasimama mmoja mmoja mbele ya watu, wanasema. Basi Jumatatu aliwaleta.

Walikuwa wamebaki watatu wa mwethya ule wanaoweza kutembea. Waliingia saiba na viondo vyao, wamevaa nguo za kanisani, na mmoja, Kasiva, alikuwa ametafuta kitambaa cha kijani kilichochakaa akajifunga kichwani. Vijana waliwapisha. Winfred akawaketisha mbele ya kompyuta namba nne, akawafungulia kila mmoja akaunti kwa jina lake, akaandika walivyosema kwenye ukurasa wa majadiliano.

"Huyu mtu yuko ndani ya hii kitu?" Kasiva aliuliza, akiigusa skrini kwa kidole.

"Hayuko ndani, susu," Winfred alimjibu, akimwita nyanya kwa Kikamba. "Ako mbali. Atasoma."

"Basi mwandikie hivi. Mimi ni Kasiva. Kalunde ndio alikuwa anapiga filimbi asubuhi, tunatoka. Kalunde, mama ya Kavata, bibi ya Mwalimu Wambua. Tulichimba kiangazi mbili. Siku udongo ilianguka tulimtoa Mwikali na mikono, mimi nilivunja kucha, hii haikuota tena." Akamwonyesha Winfred kidole. "Hata hii kucha andika."

Winfred aliiandika kucha. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alizaliwa palepale Tala, akanywa maji ya bwawa hilo utoto wake wote, na habari hii ilikuwa mpya kwake. Baada ya Kasiva walifuata wale wawili wengine. Saa ya kuondoka alikataa kuwatoza.

Ilipofika saa saba mchana, huko Athi River, Kyalo aliona majina matatu mapya yamezaliwa ndani ya saa moja, yote yakimtetea mtu yuleyule, yote yana makosa yaleyale ya uandishi. Alikuwa ameuona mchezo huo mara nyingi. Mtu mmoja hujifanya watu kumi ili aonekane ana jeshi. Aliyahesabu yale majina, lakini maneno yake hakuyasoma mpaka mwisho. Laiti angesoma mistari mitatu tu ya Kasiva, mambo yangekwenda njia nyingine. Alimwandikia Sisimizi, Sisimizi akakagua, na kweli akakuta yote yametoka kwenye mashine moja, hiyohiyo ya Mwalimu.

Jumanne asubuhi Mwalimu alikuta amefungiwa mwezi mzima. Kasiva na wenzake walikuwa wamefungiwa milele. Chini ya majina yao paliandikwa kwamba hawa wote ni mtu mmoja.

"Kasiva nitamwambia nini?" Mwalimu aliuliza. "Nimwambie hayuko?"

* * *

Kavata alipata ruhusa ya siku mbili kiwandani, akaja kumuuguza mama yake. Ijumaa hiyo baba yake alirudi kutoka Tala na bahasha. Winfred alikuwa amemwonyesha kwamba ukurasa una historia, kwamba kila toleo lililofutwa bado limehifadhiwa nyuma, na wakalichapa toleo la Jumanne ile ya kwanza, likiwa na sentensi yake yote.

Mwalimu aliketi kando ya kitanda akamsomea mkewe. Alisoma polepole. Alipofika kwenye jina la Mwikali, Kalunde alifumba macho, machozi yakamshuka kuelekea masikioni, na Kavata akayafuta kwa kona ya shuka.

"Iko hivyo sasa?" Kalunde aliuliza. "Mtu akifungua leo, ataona hivyo?"

Angeweza kusema ndiyo. Mgonjwa asingekwenda saiba kuhakikisha. Kavata alimwangalia baba yake kwa macho ya kumsihi aseme ndiyo, lakini yule mzee alikuwa ametumia maisha yake yote kuwachapa watoto kwa neno dogo kuliko hilo.

"Ilikuwa hivyo ile Jumanne," alisema. "Imetolewa."

Kalunde aliisukuma karatasi kwa vidole viwili. "Basi irudi kwanza. Nitachukua ile haijatolewa."

Kavata alimfuata baba yake sebuleni. Alikuwa na hasira, na hakuwa na wa kumpa. "Si ungemwachia tu, Baba? Ni karatasi."

"Hata yeye hakuitaka hivyo."

"Na huyo anatoa ni nani?"

Mwalimu alimpa karatasi nyingine kutoka kwenye bahasha, ile ya majadiliano. Kavata aliisoma akiwa amesimama. Alifika mahali paliposema kitabu cha mabibi, kisha akaangalia jina lililoandikwa chini yake. Alilijua jina hilo. Alikuwa akilisikia mezani kwake kwa miaka mitatu, kila mumewe alipomweleza jinsi alivyomshinda mwongo fulani siku hiyo. Aliikunja ile karatasi akaitia ndani ya sidiria, baba yake akidhani anakwenda kumwonyesha mtu atakayewasaidia.

* * *

"Soma," Kavata alisema.

Ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwao Athi River, Kyalo ametoka zamu ya asubuhi, anapiga pasi shati la kanisani. Aliiona karatasi akatabasamu. "Umeitoa wapi? Huyu mzee ni msumbufu ajabu. Ameunda mpaka watu wa uongo."

"Umesoma kile waliandika hao watu wa uongo?"

"Niliona ni walewale tu."

"Kalunde ni mama yangu, Kyalo."

Pasi ilibaki juu ya shati. Kavata ndiye aliyeiondoa, na kola ilikuwa imeshaungua. Kyalo aliketi kitandani. Alisoma ushahidi wa Kasiva, safari hii mpaka kwenye kucha, na alipomaliza akaanza upya. Alikuwa ameliandika jina la mama mkwe wake mara kumi na moja mbele ya ulimwengu mzima, akiuliza huyu ni nani, na kumdhihaki baba mkwe wake kwa kumpenda mkewe.

"Sikujua, Kavata."

"Najua hukujua," Kavata alisema. "Hiyo ndio shida. Ungekuwa unajua ningekasirika vizuri."

* * *

Jumapili Kyalo alifika Ikolani na mbuzi jike. Kosa la nthoni hutakaswa kwa mbuzi, hilo alilijua. Lakini hakuna aliyewahi kuamua kosa kama lile ni mbuzi wangapi. Mwalimu alimpokea uani, akaichukua kamba ya mbuzi, akaifunga kwenye nguzo.

"Baba, mimi ndio Kipimo."

Mwalimu alimtazama. Kumbe yule adui aliyempa sura kila usiku, sura ya mtu mnene wa Nairobi mwenye tai, alikuwa kijana huyu mwembamba aliyemwoa binti yake. "Unaandika vizuri," alisema mwishowe. "Lakini una mdomo."

"Nimekosa."

"Juu ya chanzo ulikuwa sawa. Hayo mengine umekosa."

Kyalo alitaka kuomba msamaha kwa aliyemkosea hasa, na ndani hakuruhusiwa kuingia. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, pazia limeshushwa. Aliketi sebuleni kwenye kiti kilichogeuzwa, mgongo kwa mlango, naye Kavata akasimama penye pazia, akipeleka maneno na kuyarudisha. Sauti ya Kalunde ilikuwa imekwisha kabisa, hata ukutani haikufika.

"Mwambie Mwaitu nimekuja kuomba msamaha," Kyalo alisema.

Kavata aliinama ndani, akakaa, akarudi. "Anasema hana kesi na wewe. Anauliza kama wewe ndio uko na hiyo funguo."

"Mwambie sina. Lakini nitaomba."

"Anasema umwandike Mwikali. Yeye mwenyewe ukimwacha nje hakuna ubaya."

"Mwambie nitaandika wote wawili."

Mara hii jibu lilikawia zaidi. Kavata alitoka akiwa amejiziba mdomo kwa lesso. "Anasema uharakishe," alisema.

* * *

Alijaribu. Tumpe haki yake, alijaribu. Jumatatu aliomba ukurasa ufunguliwe, akaandika kwamba alikosea, kwamba mashahidi wale ni watu watatu wenye nyama na damu. Sisimizi alifurahi, akawafungulia Kasiva na wenzake na kuwaomba radhi. Lakini kuhusu sentensi yenyewe, alisema hoja ya Kipimo bado imesimama. Wahariri wengine wawili walikuwa wameisoma na kuikubali. Wakamnakilia maneno yake mwenyewe: macho ya mtu si chanzo. Kyalo alibishana nao siku mbili, na kila alipopiga alikuta anapiga ukuta alioujenga kwa mkono wake.

Jumatano aliomba ruhusa, akaenda kwenye ofisi za serikali mjini Machakos kutafuta faili la bwawa. Karani alimpeleka chumba cha nyuma, akamwonyesha makabati. Faili lilikuwepo. Lilikuwa na barua ya diwani, ramani, na risiti ya kibao cha chuma. Wanawake walitajwa mara moja, katika mstari mmoja uliosema kazi ya mikono itatolewa na wananchi.

Alikuwa bado ameishika barua hiyo simu ilipolia. Kavata hakusema mengi. Alisema, "Mwaitu ametuacha," akakata.

* * *

Kamati ya mazishi ilikaa nyumbani Ijumaa, chini ya hema la kuazima. Mwenyekiti alikuwa Onesmus, mdogo wake Mwalimu, mtu wa taratibu. Aliwasomea tangazo la kifo walilotaka kupeleka gazetini: marehemu ni mke wa fulani, mama wa fulani, dada wa fulani, ibada saa ngapi, mazishi wapi. Mkwe katika kikao kama hicho hukaa pembeni na kutumwa maji. Kyalo aliinua mkono.

"Naomba iongezwe sentensi. Kwamba aliongoza wanawake wa mwethya kuchimba bwawa la Ikolani. Mwaka uwekwe. Na Mwikali atajwe, na jina la baba yake, kwamba alifukiwa kazini."

Onesmus alishusha karatasi. "Kijana, hii ni tangazo ya kifo, si somo ya historia. Na huyo Mwikali amekufa miaka arobaini. Tutatangaza wafu wa watu wengine?"

"Ikikosa hapa, haitakuwa mahali popote," Kyalo alisema. "Mimi nimetafuta."

Watu walimgeukia Mwalimu. Alikuwa ameketi na kofia magotini, na wengi walidhani hasikilizi. Tangu Jumatano alikuwa hajasema neno la maana kwa mtu yeyote. Alielewa kabla ya wengine kile ambacho mkwewe alikuwa akikitafuta, na kuelewa huko kulimchoma kuliko kifo chenyewe.

"Iandikwe," alisema. "Yeye hapo ndipo atakuwa amechapishwa."

* * *

Tangazo lilitoka Jumanne, ukurasa wa thelathini na moja, na picha ya Kalunde akiwa kijana. Alizikwa Alhamisi. Wiki iliyofuata Mwalimu na mkwewe waliingia kwa Winfred pamoja, gazeti limekunjwa kwapani, wakaketi mbele ya kompyuta namba nne.

Kyalo alikuwa amemwandikia Sisimizi habari za tangazo, naye alikuwa ameshajibu. Aliwapa pole. Aliandika kwamba tangazo la familia si chanzo chenye nguvu, lakini limechapishwa na lina tarehe, basi sentensi irudishwe na chanzo kitajwe waziwazi. Siku kumi na nne zilikuwa zimekwisha na ukurasa ulikuwa wazi.

Kyalo alianza kuandika. Maneno ya mwanzo yalitoka vizuri, tangazo, bwawa, wanawake, mwethya. Kisha mkono wake ukasimama. Safari zile kumi na moja alikuwa akiandika jina la mtu asiyemjua.

"Nikuandikie mimi?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana, Baba. Mimi ndio nilitoa." Akainamisha macho, kama alivyofanya kila mara mbele ya mama mkwe wake, akaliandika herufi moja moja. Halafu akamwandika Mwikali, na baba yake.

Walingoja. Kyalo alifungua ukurasa upya, kisha tena. Sentensi ilikuwa bado ipo. Winfred alichapa nakala bila kuombwa, akampa Mwalimu ingali na joto la mashine. Miwani ilikuwa imeshatengenezwa. Mwalimu alisoma kwa sauti, na vijana kwenye kompyuta ya pili walinyamaza: kwa mujibu wa tangazo la familia, bwawa lilichimbwa kwa mikono na wanawake wa mwethya wa Ikolani, wakiongozwa na Kalunde, na mmoja wao, Mwikali binti Mutua, alifukiwa na udongo akafa. Kando ya sentensi palikuwa na tarakimu ndogo, moja, inayompeleka msomaji chini ya ukurasa penye chanzo. Alishuka kwa kidole mpaka pale. Aliona neno tangazo, na neno kifo, na tarehe, akaishia hapo.

"Malizia, Baba," Kyalo alisema kwa upole. "Imebaki mstari mmoja."

"Huo naujua," Mwalimu alisema. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Twende tukamsomee."